Maswali Yenu: Esei ya Hoja, Vyanzo, na Ule Wino Mwekundu Pembeni

Muhula ukishafika katikati barua zinazokuja kwenye safu hii zinakua za aina moja tu, kozi ya Kiingereza, esei ya hoja, risechi pepa. Zinazofanana nimeziunganisha, zingine nimezipunguza mana kuna mtu kaandika kurasa tatu nzima kuuliza kama esei ya kurasa tano ni ndefu sana. Twende.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nipo mwaka wa kwanza, tumepewa esei ya hoja ya kurasa tano nikachagua usingizi wa wanafunzi, mana ni mada naipenda na vitu vya kusoma vipo kibao. Nikaandika kila kitu, usingizi ni nini, faida zake, madhara ya kuukosa, mwisho nikatoa ushauri. Vyanzo saba. Rasimu imerudi na alama za chini halafu pembeni kaandika "umeripoti tu, hoja yako iko wapi?" Sasa mwalimu kama kila nilichoandika ni kweli na nimeonyesha nilikokitoa, hoja anayoitaka ni ipi tena? – Nimekwama

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Jibu umeshalitoa mwenyewe hapo hapo kwenye swali, "kila nilichoandika ni kweli". Ni kweli kabisa, na hakuna mtu atakayebishana na wewe, na ndo hapo mwalimu wako alipokasirika. Usingizi una faida, sawa, nani kasema hauna? Ukiandika kitu ambacho kila msomaji alishakubali kabla hajakusoma basi kurasa tano zote zinakua hazina kazi ya kufanya.

Hoja kuu, ile sentensi wanayotaka waione mwishoni mwa utangulizi, inatakiwa iwe kitu ambacho mtu mwenye akili zake, aliyesoma kama wewe, anaweza kukisoma akasema hapana, hapa sikubaliani. Huyo mtu ndo unayemwandikia. Asipokuwepo hamna esei ya hoja, kuna ripoti.

Tuchukue hiyo hiyo mada yako, usiitupe. Usingizi wa wanafunzi ni mada, bado sio swali. Ibane mpaka itoe swali lenye watu pande mbili, mfano je, shule za sekondari zichelewe kufungua milango asubuhi ili vijana wapate kulala? Hapo sasa kuna ugomvi wa kweli kabisa, sio wa kutunga. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kilitoa tamko kwamba shule za vijana walioingia balehe zisianze masomo kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Jimbo la California wakapitisha sheria mwaka 2019, ikaanza kufanya kazi Julai 2022, sekondari za juu zisianze kabla ya saa mbili na nusu na zile za kati zisianze kabla ya saa mbili. Sababu yao ni ya kibaolojia, mtoto akiingia balehe saa ya ndani ya mwili inasogea, melatonini, ile homoni inayouambia mwili sasa ni usiku, inachelewa kupanda, kwa hiyo unaweza kumfukuza kitandani saa tatu usiku na bado akabaki anahesabu dari. Na wataalamu wa usingizi wanasema wa miaka 13 hadi 18 anahitaji masaa 8 mpaka 10. Upande wa pili nao wana yao, wazazi wanaotakiwa kuwahi kazini, mabasi ambayo yakimaliza kushusha wakubwa yanarudi kubeba wadogo, michezo na vibarua vya jioni vinavyosukumwa kwenye giza. Umeona? Pande zote mbili zinaongea vitu vya maana, hiyo ndo mada iliyoiva.

Sasa angalia sentensi inavyokua. Ya kwanza: "Usingizi ni muhimu kwa wanafunzi." Hamna wa kubisha, futa. Ya pili: "Shule zichelewe kuanza." Afadhali, kuna mtu atainua mkono, ila iko uchi, shule zipi, kwa nini, na hao wazazi unawafanyaje? Ya tatu: "Shule za sekondari zisianze kabla ya saa mbili na nusu, hata kama ratiba za wazazi na mabasi zitavurugika, kwa sababu ratiba ya basi inaweza kupangwa upya lakini mwili wa kijana hauwezi kulazimishwa kulala mapema." Hiyo ya tatu imeshakupangia esei nzima. Kuna dai, kuna sababu, na kwenye "hata kama" kuna yule mpinzani ambaye utalazimika kukaa naye aya mbili tatu huko mbele.

Na kuna kitu kingine kimejificha humo ambacho wengi hawakioni. Stephen Toulmin, mwanafalsafa wa Uingereza, mwaka 1958 alionyesha kwamba kati ya ushahidi na dai daima kuna daraja, kanuni fulani ambayo mwandishi anaichukulia kama imekubalika na mara nyingi wala haitamki. Kwenye sentensi yetu daraja ni hili: kinachoweza kubadilika kikipishe kisichoweza. Msomaji akiikubali hiyo kanuni, takwimu zako zitafanya kazi. Asipoikubali, akasema kwani vijana si wafundishwe tu nidhamu ya kulala, basi hata umletee tafiti ishirini za melatonini hatoki alipo, mana anachobishia sio data yako. Hapo unatakiwa ulitetee daraja lenyewe. Mimi naona nusu ya esei zinazoitwa "dhaifu" zina ushahidi mwingi tu, ila mwenyewe hakuwahi kujiuliza ushahidi ule unafikaje kwenye dai.

Kabla hujaanza kuandika upya fanya jaribio moja dogo, toa sentensi ya kwanza ya kila aya uzipange zifuatane uzisome kama aya moja. Zikisomeka "Usingizi ni hali ya...", "Usingizi una faida nyingi...", "Kukosa usingizi kuna madhara..." basi ni ripoti hata uipambe vipi. Zikisomeka kama mtu anayesukumana na mtu, huyu kasema hivi, ndiyo lakini, na zaidi ya hapo, basi umefika. Vile vyanzo vyako saba usivitupe, viwili vitatu tu ndo vitabaki bila kazi, na ile maelezo ya usingizi ni nini ipunguze iwe sentensi mbili, anayesoma esei yako alishawahi kulala.

SWALI: Je naruhusiwa kutumia "mimi" kwenye esei ya Kiingereza ya chuo? Sekondari walitukataza kabisa. – Mkimya

JIBU: Inategemea mwalimu na somo, muulize, ni swali la dakika moja. Ila hata pale inaporuhusiwa, "mimi naamini kwamba shule zichelewe kuanza" ni dhaifu kuliko "shule zichelewe kuanza", mana jina lako liko juu ya karatasi, tunajua ni wewe unayeamini. Tumia "mimi" pale unapoeleza ulichofanya mwenyewe, umehoji watu, umehesabu kitu. Na usikimbilie kule kwingine kwa "inaaminika kwamba", inaaminika na nani?

SWALI: Habari ya kazi mwalimu. Mimi nafanya kazi zamu ya usiku, mchana nipo chuo, muda wangu wa kutafuta vyanzo ni mdogo sana. Tumeambiwa vyanzo vitano vya kitaaluma na Wikipedia marufuku. Nikigugo naletewa blogu na magazeti, nikipata makala nzuri inataka nilipe. Halafu hata nikipata nitajuaje ni ya kuaminika? – Dada wa zamu ya usiku

JIBU: Pole na kazi dada. Kwanza usilipe hata senti. Ada ya chuo imeshakulipia, ingia kwenye tovuti ya maktaba ya chuo chako kwa namba yako ya uanafunzi, makala ile ile iliyokua inadai pesa mara nyingi inafunguka bure kupitia mlango huo. Wasipokua nayo waombe wakuagizie kutoka maktaba nyingine, hiyo huduma maktaba nyingi za vyuo zinayo na wanafunzi hawaijui. Google Scholar, iliyoanza 2004, nayo inasaidia, chini ya kila matokeo kuna kiungo cha matoleo mengine ya makala ile ile, bonyeza hapo utakuta kuna nakala mwandishi mwenyewe kaiweka wazi. Kuna na databesi, yaani hazina za makala mtandaoni, mambo ya elimu angalia ERIC, ya afya angalia PubMed, zote kutafuta ni bure, na JSTOR, ambayo ipo tangu 1995, ni nzuri sana kwa fasihi na historia.

Wikipedia wamekukataza kuinukuu, hawajakukataza kuisoma. Isome mwanzo kabisa ili ujue majina, miaka na maneno ambayo wataalamu wa jambo hilo wanayatumia, halafu shuka chini kwenye marejeo yake, hapo ndo uchimbe. Haya maneno ya wataalamu yana thamani kuliko unavyodhani. Wewe unatafuta "wanafunzi kuchelewa kulala", wao kwenye makala zao wanaandika vijana balehe, muda wa kuanza shule, saa ya mwili, kwa hiyo mtapishana njiani. Makala moja nzuri ukishaipata soma maneno muhimu yaliyoorodheshwa chini ya muhtasari wake, yachukue, tafuta kwa hayo.

Na usiandike swali zima kwenye databesi kama unavyoongea na mtu. Weka maneno mawili matatu, yanayokwenda pamoja yafunge kwenye alama za kunukuu, kati yake weka AND kama unataka yote yawepo, weka OR kama lolote linatosha, NOT kutoa usichokitaka, kwa herufi kubwa mana sehemu nyingine herufi ndogo hazisomeki kama amri. Kisha makala moja ikikufaa itembee pande zote mbili, rudi nyuma kwa marejeo yake, nenda mbele kwa kuangalia nani wameinukuu baada yake. Kwa mtu asiye na muda kama wewe hii inaokoa kuliko kuanza kutafuta upya kila mara, makala moja inakupeleka kwa ndugu zake wote.

Kusoma nako, usianze neno la kwanza. Soma muhtasari, ruka mpaka hitimisho, ukiona inakuhusu rudi kwenye sehemu ya mbinu, walipima watu wangapi, kwa muda gani, walipimaje. Wengi wanairuka sehemu hiyo mana inachosha, na ndo sehemu pekee itakayokwambia hilo hitimisho lina uzito gani.

Kuhusu kuaminika, watakwambia angalia kama imepitiwa na wataalamu wenzake kabla ya kuchapwa. Ni kweli, anzia hapo, ila usiishie hapo. Mwaka 1998 The Lancet, jarida la kitabibu lenye heshima zake zote, lilichapisha makala ya watoto 12 tu iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Ilikuja kufutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, miaka kumi na mbili baadaye, na katikati hapo wazazi wangapi walishaogopa chanjo. Makala iliyofutwa huwa haiondoki mtandaoni, inabaki na alama kwamba imefutwa, kwa hiyo ifungue kwenye ukurasa wa jarida lenyewe uangalie, usitegemee PDF uliyotumiwa na mtu. Na tovuti usiyoijua usikae humo humo ukisoma ukurasa wao wa "sisi ni nani", kila mtu anajisifia kwake, fungua ukurasa mwingine utafute wengine wanasemaje kuhusu wao na pesa zao zinatoka wapi.

La mwisho kwako dada, kila unachonakili andika hapo hapo mwandishi, mwaka na ukurasa. Usiku wa kuamkia siku ya kukusanya hutakumbuka.

SWALI: Mwalimu anataka tuweke na upande unaotupinga. Sasa mimi natetea hoja yangu halafu nampa mpinzani nafasi kwenye esei yangu mwenyewe, si ndo najiharibia? – Mbishi

JIBU: Unajiharibia ukimweka kinyonge. "Wengine wanasema wazazi watapata shida, lakini hiyo sio kweli." Wengine nani? Na kwa nini sio kweli, si watapata shida kweli? Msomaji ambaye ni mzazi ukimwandikia hivyo amekuacha hapo hapo. Huo mchezo wa kumtengeneza mpinzani wa majani halafu unampiga ngumi kila mtu anauona.

Iandike hoja yao kwa namna ambayo wao wenyewe wakiisoma watasema ndiyo, hicho ndo tunachosema. Halafu amua unajibuje, na kuna majibu ya aina tofauti, sio lazima kukataa tu. Unaweza kuonyesha ushahidi wao ni mdogo. Unaweza kukubali kwamba ni kweli lakini uzito wake haufiki wa upande wako. Au unaweza kupunguza dai lako mwenyewe, na hii ndo naipenda zaidi japo wanafunzi wanaiogopa, useme sawa, kwa shule ambazo basi moja linahudumia shule tatu badiliko hili lisubiri mpaka ratiba ipangwe upya. Dai lako limekua dogo kidogo lakini sasa halisukumiki. Carl Rogers, yule mwanasaikolojia wa Marekani, alikua anasisitiza mtu arudie kwanza kauli ya mwenzake mpaka mwenzake aridhike kwamba ameeleweka, ndipo aseme ya kwake. Walimu wa uandishi wakaichukua wakaifanya aina nzima ya esei, na kwa mada ambazo watu wameshapandisha hasira inafanya kazi kuliko kufoka.

Mweke wapi? Popote anapoinua mkono. Aya moja ya "wapinzani" iliyobandikwa kabla ya hitimisho kama kodi ya kulipa ni tabia ya sekondari.

SWALI: Mwalimu mimi nawaza kwa Kiswahili. Nikisoma makala ya Kiingereza nikitaka kuiandika kwa maneno yangu najikuta nabadilisha neno moja moja tu, programu ya kukagua imeonyesha nyekundu na mwalimu ananiita mwizi wakati chanzo nimekitaja. Nikajaribu akili bandia iniandikie upya, rafiki yangu anasema hiyo ni mbaya zaidi. Nifanyeje? – Mwizi asiyeiba

JIBU: Pole sana, na nakuamini. Programu zile haziwezi kujua nani mwizi, zinapaka rangi popote maneno yanapofanana, hata nukuu halali na orodha ya marejeo zinapakwa. Anayeamua ni mtu anayesoma. Ila kubadilisha neno moja moja huku umbo la sentensi ni la mwandishi wa makala bado kunahesabika kama wizi vyuo vingi, hata ukitaja chanzo, mana umetaja ulikotoa wazo lakini maneno umeyauza kama yako.

Na hapo Kiswahili kinakusaidia, usikionee aibu. Soma aya nzima, mara mbili ikibidi. Funga. Simulia kwa Kiswahili kwenye daftari kana kwamba unamwelezea mdogo wako kilichosemwa, hapo lazima uelewe mana huwezi kubandika maneno ya Kiingereza. Kesho yake, au baada ya chakula, chukua daftari lako uandike Kiingereza kutoka kwenye hiyo simulizi bila kufungua makala. Ndipo ufungue ulinganishe, namba ziko sawa? hujazidisha walichosema? Mtafiti kasema "huenda" wewe ukaandika "imethibitishwa", hilo ni kosa kubwa kuliko la sarufi. Kisha taja chanzo, mana hata kwa maneno yako wazo bado ni la mtu. Na nukuu ya moja kwa moja iache kwa sentensi ambayo uzuri wake uko kwenye maneno yenyewe, au unayotaka kuibishia neno kwa neno.

Akili bandia, soma sheria za kozi yako kwanza, kuna walimu wanaruhusu kwa kutafuta mawazo na kuna wanaokufelisha. Mimi nina wasiwasi nayo hasa kwenye vyanzo, inatunga. Inakupa jina la mwandishi, mwaka, jarida, vyote vinapendeza, na makala haipo duniani. Mwaka 2023 huko New York mawakili walipeleka mahakamani hati yenye kesi zilizotungwa na ChatGPT, jaji alipozitafuta hazikuwepo, wakapigwa faini ya dola 5,000. Hao ni mawakili. Chanzo chochote ambacho hujakifungua kwa macho yako usikiweke.

SWALI: MLA na APA tofauti yake ni nini na nitumie ipi? – Haraka haraka

JIBU: Zote mbili ni mitindo ya kutaja vyanzo, tumia utakayoambiwa na mwalimu. Kozi za Kiingereza mara nyingi ni MLA, saikolojia na elimu ni APA. Ndani ya esei MLA wanaweka kwenye mabano jina la ukoo la mwandishi na ukurasa bila mkato kati yake, APA wanaweka jina, mkato, mwaka, na ukurasa wakati wa kunukuu. Ndo maana APA inapendwa kwenye sayansi, huko mwaka wa utafiti unakwambia kama umechakaa, wakati kwenye fasihi msomaji anataka kufungua ukurasa ule aone mstari wenyewe. Nukuu ndefu MLA inashushwa na kusogezwa ndani ikizidi mistari minne ya nathari, APA ikifika maneno 40. Angalia uko kwenye toleo gani, MLA ya 9 ilitoka 2021 na APA ya 7 ilitoka 2019, kule mtandaoni bado kuna miongozo ya zamani imejaa. APA yenyewe ilianza 1929 kama makala ya kurasa saba tu kwenye jarida, leo ni kitabu cha kurasa zaidi ya 400, kwa hiyo usijaribu kukariri. Tumia Zotero, ni bure, inakusanya vyanzo na kukupangia orodha, ila ipitie kwa macho mana inachokosea zaidi ni herufi kubwa za vichwa vya makala, na kila DOI, ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni, ibonyeze uone kama inafungua makala uliyoisoma.